109 ya marehemu mzee: nibaki na chasisi yake, niweke ya Defender, au ya Land Cruiser 79?

Kitunguu_Mangola (Karatu)

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka mitatu, leo nimekwama nikaona niandike.

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III, 109 pikapu ya mwaka 1975, dizeli ya 2.25. Imelala chini ya mgunga nyumbani tangu 2016. Kuku wametotolea ndani ya kebini mara sijui ngapi. Bodi, kwa kuwa ni aluminiamu, imenishangaza: ina mikunjo, ina tundu moja la pembe ya ng'ombe mlangoni, lakini haijaliwa. Chini ndiko kwenye maneno. Nilipitisha mkono nyuma ya chasisi ukatoka na magamba mekundu kama pilipili ya kusaga.

Ninataka gari la kazi, si la maonyesho. Vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu, vumbi na mawe, na mara mojamoja kushuka kona za Manyara hadi Mto wa Mbu na kwenda Arusha. Kwa macho ibaki vilevile kama ya mzee: uso, ubavu, tairi la akiba juu ya boneti. Chini iwe ya kisasa: breki za diski, pawa stelingi, injini inayopanda mlima bila kupitwa na bajaji.

Nimeona njia tatu. Kwanza, nibaki na chasisi yake, nichomelee palipooza, niweke springi za paraboli, diski mbele, na injini ya Tdi, ile dizeli ya Land Rover yenye tabo. Pili, ninunue chasisi ya Defender 110 pamoja na koili na ekseli zake, niivishe bodi ya 109. Tatu, na moyo wangu uko huku, kuna Land Cruiser 79 ya HZJ imepata ajali upande wa Babati, mbele imebonyea, mwenyewe anauza nzima. Nitoe bodi yake, nibaki na chasisi, injini ya 1HZ, giaboksi na ekseli, juu nikalishe Land Rover. Fundi wangu anasema ni kazi ya wiki tatu.

Nishaurini kabla sijatoa hela.

Babu_Gia (Arusha)

Wiki tatu! Huyo fundi wako ni mchekeshaji, mtunze.

Mimi nimekata chasisi za Land Cruiser hapa Arusha tangu miaka ya tisini, za magari ya watalii. Tunazirefusha ili wageni wapate viti vya kutosha. Kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani. Ninasema chukua tepu kwanza.

Hiyo 109 ni inchi, kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ni milimita 2769. HZJ79 ni 3180. Una sentimita 41 za kutupa, la sivyo tairi la nyuma litakaa nje ya tundu lake kama mtoto aliyevaa suruali ya kaka yake. Na chasisi haikatwi moja kwa moja kama mkate. Unakata kwa mshazari au kwa ngazi, unaingiza bati la ndani, unachomelea, unaongeza bati la nje, na unahakikisha reli zote mbili zimebaki sambamba wakati chuma kinapoa, maana chuma kikipoa kinavuta. Baada ya hapo propela inafupishwa na kusawazishwa, mabomba ya breki yanapitishwa upya, na tenki la mafuta linakosa pa kukaa.

Tuseme umeyamaliza hayo. Njoo kwenye injini. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita kwa mstari mmoja, ndefu kama jeneza. Gari la baba yako lilizaliwa na silinda nne. Kaa mbele yake ulitazame: grili imezama ndani katikati ya mabawa mawili, na rejeta iko nyuma tu ya hiyo grili. Ukiingiza 1HZ, rejeta inasukumwa mbele na grili inatoka hadi usawa wa mabawa. Land Rover wenyewe iliwabidi wafanye hivyo 1979 walipotia V8 kwenye 109, ndiyo maana zile zina uso bapa. Wewe umesema unataka uso wa mzee. Kwa njia hii huo uso hautakuwepo tena.

Halafu ni gari la ajali. Kabla hujanunua, lipeleke kwenye sakafu tambarare. Chukua timazi ya mwashi, ishushe kutoka kwenye matundu ya chasisi yanayolingana kushoto na kulia, weka alama ya chaki sakafuni kila pointi. Toa gari. Pima mishazari, kulia mbele hadi kushoto nyuma, kisha kinyume chake. Kwangu mimi zikipishana zaidi ya milimita kumi, namwambia mwenye gari asante na kwaheri.

Thika_109 (Thika)

Shikamoo mzee Babu Gia. Nakuunga mkono kwa yote isipokuwa moja: kulikuwa na 109 za petroli silinda sita, 2.6, na grili zao zilizama vilevile. Kwa hiyo urefu pekee si sababu.

Babu_Gia

Marahaba. 2.6 ile si 1HZ. Uje na tepu yako tupime zote mbili, nitakuwekea chai.

Mtumbatu_Maskati (Muscat)

Assalam aleikum. Mimi mnanisikitisha. Mtu amepata 79 mnamkimbiza!

Huku 79 ndiyo punda wa jangwani. Tangu 1999 mbele ina koili, nyuma springi nzito, ekseli ya nyuma uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli wala si shafti, shafti ikikatika tairi halichomoki. Breki za mbele diski. 1HZ haina tabo, haina kompyuta, unaitilia dizeli ya ubora wowote inakwenda. Spea yake utaipata hata duka la kijijini. Nani atakuuzia spea ya Land Rover Mang'ola?

Kama ya Babati imepinda, huku tunapata chasisi kamili za magari yaliyofutwa. Kontena hadi Dar si habari kubwa. Nitumie ujumbe.

Dada_Difu (Dar es Salaam)

Wa aleikum salaam kaka. Chasisi za Muscat ni za nchi inayopita kulia. Usukani uko kushoto, stelingi boksi imefungwa kwenye reli ya kushoto, na fimbo za stelingi zimepangwa kwa upande huo. Kitunguu atabeba vitunguu Karatu huku anaomba abiria amchungulie kama kuna lori linakuja.

Unaweza kuhamisha boksi, ndiyo. Ni kuchomelea kishikizo kipya mahali ambapo nguvu zote za usukani zinaishia. Kazi hiyo simpi mtu niliyemjua jana.

Sasa nizungumzie njia ya pili, maana nimeiona kwa macho. Miaka ya nyuma tulivisha 109 juu ya chasisi ya 110 kwenye karakana moja Ilala. Kwa karatasi inapendeza: tofauti ya urefu kati ya magurudumu ni inchi moja tu, milimita 25. Unapata koili miguu yote minne, diski mbele, pawa stelingi ya kiwandani, fo-wili inayofanya kazi muda wote yenye kufuli la difu ya katikati, na 300Tdi yenye farasi 111. 2.25 yako ya dizeli ilikuwa na 60 na kitu, na nina hakika kadhaa walishakufa chini ya huo mgunga.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza upana. Series, kati ya tairi na tairi, ni kama milimita 1308. Defender ni kama 1486. Kila tairi litatoka karibu sentimita 9 nje ya bodi. Zile nyusi nyeusi za plastiki juu ya matairi ya Defender ziliwekwa kwa sababu hiyo hiyo: walipanua ekseli wakaacha bodi ya zamani. Kwa hiyo na wewe utaweka nyusi, na ubavu wa mzee umebadilika.

La pili ni milango. Tulifunga ukuta wa dashibodi, tukafunga bodi la nyuma, tukakaza boliti zote, tukapiga picha, tukanywa soda. Kesho yake tukaleta milango. Wa kulia ukafunga. Wa kushoto ukabaki wazi milimita 14, na hakuna bawaba duniani ya kuvuta milimita 14. Tulifungua kila kitu. Tangu siku ile mimi huanza na milango: ninaining'iniza, ninaifunga, ndipo nakaza ukuta na bodi kuifuata.

Na kabla mtu hajakuletea habari ya Discovery ya bei poa: Discovery ya kwanza ni inchi 100. Itabidi uirefushe inchi tisa, na chasisi zake zinaoza kwa nyuma kuliko hata hiyo yako.

Kitunguu_Mangola

Dada, asante. Habari ya usukani wa kushoto sikuifikiria kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuandikiana na kaka wa Maskati.

Mzee Babu Gia, timazi ninayo, nimejengea nyumba. Jumamosi naenda Babati.

Mtumbatu_Maskati

Nimekubali ya usukani. Lakini 79 bado ni gari bora kuliko Land Rover yoyote, hilo siliondoi.

Thika_109

Hakuna aliyebishana gari gani ni bora, ndugu yangu. Ameuliza chini ya bodi ya babake akae nini.

Mimi nasema kaa na chasisi yako. Nimeendesha 109 yangu tangu 1998, imeunganishwa hapa hapa Thika, na nimeibadilisha pole pole bila kuipeleka juu ya gari la mtu mwingine. Nieleze kwa mpangilio nilioufuata, si ule ambao vijana wanaupenda.

Nilianza na breki. 109 nyingi za miaka hiyo zina mfumo mmoja: bomba moja likipasuka, miguu yote minne imekwisha. Na dramu zikipata maji mtoni unakanyaga pedali huku unasoma dua. Niliweka silinda kuu ya mifumo miwili na buster, halafu diski za mbele. Zipo seti zinazotengenezwa Ulaya mahsusi kwa ekseli za Series. Angalia tu rimu zako, si kila rimu ya zamani inapita juu ya kalipa. Mtu anayeshuka kona za Manyara na tani ya vitunguu mgongoni asiniambie habari za injini kabla ya hapo.

Springi zikafuata. Za kiwandani ni rundo la bapa zinazosuguana, zikishika kutu zinakuwa ubao. Za paraboli ni bapa mbili au tatu, zinanenepa katikati na kukonda mwishoni, hazigusani isipokuwa kwenye kiti na ncha. Gari inaanza kupumua. Lakini zinataka shokapu nzuri maana ule msuguano uliokuwa ukituliza gari haupo tena.

Halafu stelingi. Hapa sikiliza vizuri. Katika Series kuna rilei ya stelingi ndani ya mhimili wa mbele wa chasisi, ile inayopokea nguvu kutoka boksi na kuipeleka kwa magurudumu. Ukiweka pawa stelingi kwa boksi la Range Rover ya zamani au Defender, rilei inatoka kabisa. Kuitoa ni siku mbili za nyundo na maneno machafu. Na ikitoka, USIIFUNGUE hivi hivi. Ndani kuna springi iliyobanwa. Yangu ilipita karibu na sikio, ikatoboa bati la paa, hadi leo mvua ikinyesha nakumbuka. Ifunge kwa hosi na klipu kabla hujagusa kitu.

Injini niliiweka mwisho. 200Tdi inakaa kwenye giaboksi la Series bila adapta, ni ya ukoo mmoja na 2.25. Shida ni kuipata. 300Tdi zimejaa, maana Defender nyingi zilikuja nazo, lakini zinataka viti vya injini vihamishwe. Zote mbili zina nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili ya dizeli yako. Giaboksi la Series litavumilia ukiliheshimu. Ukiondoka kwenye taa kama dereva wa matatu, utaokota meno kwenye oili.

Kijana_wa_Spana (Mwanza)

Mzee Thika, na kwa nini asiweke 1KZ ya Prado? Silinda nne, ina tabo, fupi. Spea za Toyota.

Thika_109

Inaingia, nimeiona. Utatengeneza adapta ya giaboksi, utahamisha viti, utatafuta pa kupitisha ekzosti. Kama una fundi wa mashine anayejua kuchonga adapta ikae katikati bila kuyumba hata sehemu ya kumi ya milimita, fanya. Kama huna, klachi itakuwa chakula cha kila mwezi.

Mpwani_Tanga (Tanga)

Naomba niingilie kwa habari ya kutu, maana kwetu chumvi inakula gari ukiwa umelala.

Kama utabaki na chasisi yako, unaweza pia kuagiza mpya ya Series kutoka Uingereza iliyochovywa zinki nzima, ndani na nje. Ni njia ya kwanza bila kuchomelea viraka. Niliagiza ya 88 yangu. Uzuri wake: unafunga boliti na umesahau habari ya kutu kwa miaka mingi. Ubaya: zinki inajaa kwenye nyuzi za boliti na matundu, utapitisha tapi, kile chuma cha kuchonga nyuzi, kila mahali, na mabano mengine hayakai pale ulipodhani.

Na ukitaka kuchomelea kitu kwenye chuma chenye zinki, kwangua zinki yote kwanza, fanya nje penye upepo, vaa kinga ya pua ya kweli. Ule moshi mweupe unakuletea homa usiku, unatetemeka kama mwenye malaria. Mafundi wetu wanaamini maziwa yanasafisha. Hayasafishi kitu. Nilikunywa nusu lita na nilitetemeka vilevile.

Jingine, aluminiamu ikikaa moja kwa moja juu ya chuma na unyevu ukaingia kati, aluminiamu inageuka unga mweupe. Kila bodi inapokaa juu ya chasisi weka kipande cha mpira au tepu nene. Tazama bodi lako pale kwenye boliti, nina hakika unga utauona.

Kitunguu_Mangola

Nimeutazama. Upo. Nilidhani ni kinyesi cha kuku.

Karani_Mstaafu (Dodoma)

Mmeongea yote ila karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukivisha bodi ya 109 juu ya chasisi ya 79 au ya 110, gari lililoandikwa kwenye kadi ya baba yako halipo tena. Una Land Cruiser au Defender iliyovaa nguo za marehemu, na lazima uwe na karatasi halali za hilo la chini. Nenda TRA kabla ya kuwasha grenda, uliza wanataka nini kwa mabadiliko ya injini, maana hata njia ya kwanza ukitia Tdi namba ya injini inabadilika. Wenzetu Kenya wataanzia NTSA, mamlaka yao ya usafiri.

Kwenye Series namba imegongwa mbele kulia, karibu na kishikizo cha springi. Usikubali mtu akate kipande hicho wala akipige rangi nene. Na kama gari bado liko kwa jina la marehemu, anza na mirathi. Nimeona ndugu wakigombana juu ya magari yaliyosimama miaka kumi, siku yanapowaka tu.

Dada_Difu

Karani amemaliza. Mimi nirudi kwenye mzigo, maana hapo ndipo njia ya kwanza na ya pili zinapoachana kweli.

Koili ni raha. Barabara ya Mang'ola kwa koili utafika mgongo mzima. Lakini koili za nyuma za 110 za kawaida ukizipakia magunia ya vitunguu, makalio yanakaa chini na taa zinamulika nyota. Ziko koili nzito, ukiziweka gari tupu inarukaruka kama mbuzi. Springi zina tabia hiyo pia ila kidogo, na unaweza kuongeza bapa moja ukiwa porini kwa spana mbili. Kitunguu, mara ngapi kwa wiki unapakia hadi juu?

Kitunguu_Mangola

Msimu wa kuvuna kila siku. Nje ya msimu ni mimi, mke na jenereta.

Babu_Gia

Basi springi. Mimi ni mtu wa Toyota, lakini basi springi.

Dada_Difu

Na kama ni springi na ekseli zako mwenyewe, kumbuka difu. Uwiano wa 109 ni 4.7. Ukitia Tdi, kwenye lami utafika kilomita 80 kwa saa injini inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Watu watakwambia weka difu ya 3.54 ya Discovery au Range Rover, inaingia moja kwa moja. Mbele inaingia. Nyuma, hapana. 109 ya Series III nyuma ina Salisbury, lile boga kubwa la chuma, na meno yake yanafanyiwa kazi ndani ya nyumba yake, hayatoki na kichwa kizima kama ya mbele. Nimewahi kumkuta mtu amenunua mbili kwa mkupuo.

Ushauri wangu: acha 4.7 kwanza, tafuta overdraivu ya Fairey, ile gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini kwenye lami, kama bado mtu anayo stoo. Kwa mlima na mzigo 4.7 ni rafiki yako. Mbio utazipata kwa gari jingine.

Kitunguu_Mangola (wiki mbili baadaye)

Wakuu, ripoti.

Babati nilikwenda na timazi, chaki, na mpwa wangu wa kushika tepu. Mwenye gari alitucheka hadi tulipomaliza. Mshazari mmoja ulizidi mwingine kwa milimita 23. Tulipima mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini. Mara ya tatu mwenye gari alishika tepu mwenyewe, akanyamaza, akapunguza bei bila kuombwa. Nilimshukuru. Mzee Babu Gia, chai yako ipo Karatu.

Nyumbani nilitoa bodi la nyuma, nikaosha chasisi kwa pampu ya kumwagilia, nikapita nayo nyundo ndogo kila sentimita tano. Reli kuu zinalia ngo, ngo, ngo kutoka mbele hadi karibu na ekseli ya nyuma. Mhimili wa mwisho nyuma unasema pwata, nyundo imeingia mara mbili. Mikono ya pembeni inayoshika bodi, minne imekwisha. Ukuta wa dashibodi umeoza chini ya miguu ya dereva, kushoto mzima.

Kwa hiyo nimeamua njia ya kwanza, kwa mpangilio wa mzee Thika: breki, springi, stelingi, injini. 300Tdi nimeipata Moshi, imo ndani ya Defender iliyopinduka, nimeisikia ikiwaka ikiwa baridi. Mirathi kaka yangu anaishughulikia.

Swali moja limebaki. Reli ya kulia, juu ya ekseli, kuna kiraka. Hakijapigwa kiwandani. Ni bati nene, bado lina rangi ya bluu upande mmoja, na nikilitazama ni ubao wa plau ya ng'ombe, plau yetu. Baba alichomelea mwenyewe, sikuwahi kujua kwamba alijua kuchomelea. Nyundo ikipiga pale inalia vizuri kuliko sehemu nyingine yote. Nikiache?

Thika_109

Pole kijana wangu. Kinalia vizuri kwa sababu ni kinene. Nyundo inapiga kiraka, haipigi kilichofunikwa. Kikate.

Babu_Gia

Kikate. Anza na kona moja tu, uone.

Kitunguu_Mangola

Nimekikata leo mchana. Nyuma yake reli imeliwa urefu wa kiganja, bisibisi imepita hadi upande wa pili. Picha naweka kesho, simu imeisha chaji. Nitakata hadi chuma kizima kisha niweke kipande cha milimita tatu, ndani na nje, kwa mshazari kama mzee alivyosema.

Mpwani, hiyo kinga ya pua uliyosema ni ya aina gani? Hapa Karatu naona za vitambaa tu.